Mgandamizo wa Hewa katika Utafiti na Uhandisi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo wanafunzi, mafundi wa maabara na wahandisi wanayoyarudia kila mara, mengine neno kwa neno. Si lazima uyasome kwa mpangilio. Ila ukiwa na haraka, anza na swali la 4, kwa sababu hilo ndilo linaloharibu kazi za watu wengi kuliko mengine yote.

## Mambo ya msingi

1. Mgandamizo wa hewa ni nini? Una tofauti na kanieneo au shinikizo?

Ni kitu kimoja. Vitabu vya fizikia vya shuleni husema kanieneo, yaani kani igawanywe kwa eneo. Watabiri wa hali ya hewa husema mgandamizo, na wengine husema shinikizo. Hapa tumeshika mgandamizo kwa kuwa ndilo neno lililozoeleka masikioni.

Hewa ina uzito. Juu ya kila mita moja ya mraba iliyo usawa wa bahari imesimama nguzo ya hewa ya takriban tani 10.3, kuanzia chini hadi angahewa inapoishia. Uzito wa nguzo hiyo ukiugawanya kwa eneo inalolikalia, unapata mgandamizo. Hatuusikii mwilini kwa sababu unasukuma pande zote sawasawa, na ndani yetu mna mgandamizo uleule unaosukuma kwenda nje. Huonekana pale tu pande mbili zinapotofautiana. Chupa tupu ya plastiki ukiifunga vizuri kilele cha mlima, hufika bondeni imebonyea na hakuna aliyeigusa.

2. Kiasi cha kawaida ni kipi, na kwa nini vizio ni vingi hivi?

Kiasi kinachoitwa cha kawaida ni paskali 101,325, ambazo ni sawa na hektopaskali (hPa) 1013.25, milimita 760 za zebaki, au angahewa 1. Milibari na hektopaskali zina ukubwa uleule, kwa hiyo ukikuta chombo cha zamani kimeandikwa mb usihangaike kubadilisha chochote. Wingi wa vizio umetokana na historia tu: kila fani ilianza na chombo chake ikabaki na kizio chake.

Kiasi hicho kilipitishwa mwaka 1954 kwenye Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, na ni makubaliano tu. Hakisemi lolote kuhusu hewa iliyopo mezani kwako leo. Katikati ya kimbunga Tip, tarehe 12 Oktoba 1979, mgandamizo wa usawa wa bahari ulishuka hadi hPa 870. Huko Agata, Siberia, tarehe 31 Desemba 1968, ulipanda kupita hPa 1083.

3. Jambo hili liliingiaje kwenye sayansi?

Liliingia kwa mlango wa mafundi wa maji. Pampu za kuvuta zilikuwa zikigoma kupandisha maji zaidi ya mita kumi hivi, na hakuna aliyejua sababu (tazama swali la 14). Mwaka 1643 wazo la Evangelista Torricelli la kutumia zebaki badala ya maji lilizaa nguzo ya sentimita 76 hivi, fupi kiasi cha kutosha chumbani. Akaeleza kwamba kinachoishikilia ni uzito wa hewa ya nje.

Jaribio lililomaliza ubishi ni la tarehe 19 Septemba 1648. Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa na bomba la zebaki. Juu kileleni zebaki ilisimama chini kwa zaidi ya sentimita 8. Mimi kinachonivutia zaidi ni bomba la pili. Périer aliliacha bondeni, kwenye bustani ya watawa, na mtawa mmoja akakaa analitazama kutwa. Halikusogea. Bila bomba hilo mtu yeyote angeweza kudai kwamba hali ya hewa ilibadilika tu siku ile. Karibu kila jibu hapa chini linakurudisha kwa yule mtawa: unahitaji kujua hewa ilikuwaje mahali pa kipimo, saa ileile ya kipimo.

4. Je, naweza kutumia mgandamizo ninaouona kwenye simu au kwenye taarifa ya hali ya hewa?

Kwa hesabu za maabara, hapana, isipokuwa unajua unachofanya.

Vituo vya hali ya hewa hupima mgandamizo halisi, kisha huukokotoa upya kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari. Wana sababu nzuri: bila hivyo ramani ya hali ya hewa ingekuwa ramani ya milima tu. Namba inayofika kwako ni hiyo iliyokokotolewa. Maabara ikiwa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo halisi mezani ni kama hPa 846, lakini simu itakuonyesha 1015 au karibu na hapo. Ukiiingiza 1015 kwenye hesabu ya gesi, umekosea kwa asilimia 20, na hakuna kitakachokuonya, kwa kuwa namba yenyewe inaonekana ya kawaida kabisa.

Kuna utata mmoja hapa. Baadhi ya simu zina kihisi halisi cha mgandamizo ndani yake, na programu inayosoma kihisi hicho moja kwa moja hukupa mgandamizo wa mahali ulipo. Njia rahisi ya kutofautisha ni kupanda ngazi. Namba ikishuka kwa kama hPa 0.35 kila ghorofa, unasoma kihisi. Ikibaki palepale, unasoma taarifa iliyotoka mtandaoni.

Namba wanayopewa marubani ili waweke kwenye altimita (kipima kimo cha ndege) nayo ni ya usawa wa bahari. Usiichukue kama ilivyo.

5. Mgandamizo hupungua kwa kiasi gani tukipanda juu?

Karibu na usawa wa bahari hupungua hPa 1 kwa kila mita 8.3 hivi. Ukipanda zaidi kasi hupungua, kwa sababu hewa yenyewe inazidi kuwa nyepesi. Kwa angahewa ya kawaida ya kimataifa (kiwango cha ISO 2533) utapata takriban hPa 899 kwenye mita 1,000, 795 kwenye mita 2,000, 701 kwenye mita 3,000 na 540 kwenye mita 5,000. Nusu ya angahewa iko chini ya kilomita 5.5, na kilele cha Everest kina kama theluthi moja ya mgandamizo wa baharini.

Kinachopungua si sehemu ya oksijeni. Oksijeni hubaki asilimia 20.9 kote huko. Kinachopungua ni mgandamizo wake, ndiyo maana mtu hutweta.

6. Je, hewa yenye unyevu ni nzito kuliko hewa kavu?

Hapana, ni nyepesi. Molekuli ya maji ina uzito wa 18 ilhali wastani wa hewa kavu ni 29, na kwa mgandamizo na halijoto ileile mvuke huchukua nafasi ya hewa, hauongezwi juu yake. Uzito tunaousikia siku yenye fukuto ni jasho lisilokauka.

## Vyombo na usomaji

7. Nitumie barometa ya aina gani?

Kwa kazi nyingi, ya kielektroniki yenye kihisi cha silikoni inatosha, ilimradi ihakikiwe kila mwaka dhidi ya chombo cha rejea, kwa sababu vihisi hivi husogea polepole bila kutoa dalili. Za kwatsi hutulia zaidi na bei yake hupanda vilevile. Aneroidi, yenye kikopo cha chuma kilichotolewa hewa, iliyovumbuliwa na Lucien Vidi miaka ya 1840, bado ni chombo kizuri pasipo na umeme. Ya zebaki ni nzuri kwa macho na mbaya kwa afya, na chini ya Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, utengenezaji na biashara yake ya kimataifa vilipangiwa kukoma mwaka 2020.

Mahali unapoiweka pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukipiga moja kwa moja kwenye tundu la kihisi huongeza kama hPa 0.6. Ndani ya chumba chenye feni kubwa au kiyoyozi kilichofungwa vibaya, mlango ukifunguliwa tu namba inaruka.

8. Mgandamizo kamili na mgandamizo wa geji vina tofauti gani?

Mgandamizo kamili huanza kuhesabiwa kwenye ombwe, yaani pasipo na hewa kabisa. Wa geji huanza kuhesabiwa kwenye hewa inayokuzunguka. Geji ya tairi ikisoma sifuri, ndani ya tairi bado mna angahewa nzima. Sheria za gesi zinataka mgandamizo kamili, bila mjadala.

Nilijifunza hili kwa kisima. Tulitumbukiza kirekodi cha mgandamizo kufuatilia kina cha maji, na baada ya wiki moja grafu ilionyesha maji yakipanda sentimita mbili tatu mara mbili kwa siku: saa nne asubuhi na saa nne usiku, kisha yakishuka saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Tulitafuta pampu ya jirani. Tukafikiria bahari, ambayo ilikuwa mbali mno. Kumbe kirekodi kilikuwa cha mgandamizo kamili, kwa hiyo kilikuwa kinapima maji pamoja na hewa iliyo juu yake. Katika ukanda wa tropiki angahewa ina mawimbi yake ya kila siku, yanayosababishwa na jua kuipasha moto hewa ya juu, na hupandisha na kushusha mgandamizo kwa hPa 2 hadi 3 kwa saa hizohizo. Hektopaskali moja ni karibu sentimita moja ya maji. Kisima hakikuwa na neno.

Dawa yake ni kuweka kirekodi cha pili hewani, juu ya maji, na kutoa usomaji wake kwenye ule wa kwanza (mtawa wa Périer tena), au kununua kirekodi chenye kijibomba kinacholeta hewa ya juu hadi nyuma ya kihisi. Tahadhari moja: kwenye miamba ya maji iliyofunikwa na tabaka lisilopitisha maji, mgandamizo wa hewa ukipanda, maji kisimani hushuka kweli. Hapo kutoa tu hakutoshi. Lazima pia ujue kisima chako huitikia kwa kiasi gani.

## Maabarani

9. Kwa nini mwenzangu anatumia lita 22.4 kwa moli moja ya gesi na kitabu kingine kinasema 22.7?

Wote wako sahihi. Lita 22.414 ni kwa nyuzi 0 na kPa 101.325. Lita 22.711 ni kwa nyuzi 0 na kPa 100. Mwaka 1982 jumuiya ya kimataifa ya kemia, IUPAC, ilihamisha mgandamizo wa rejea hadi paskali 100,000 kamili, lakini vitabu na mazoea havikuhama vyote kwa pamoja.

Jambo hilihili huleta hasara kwenye vipima mtiririko wa gesi. Watengenezaji huandika lita za kawaida kwa dakika, lakini kawaida ya mmoja ni nyuzi 0, ya mwingine 15, 20 au 25. Kati ya nyuzi 0 na 25 tofauti ni kama asilimia 9. Soma karatasi ya chombo kabla hujamlaumu mwanafunzi.

10. Je, maji huchemka nyuzi 100 au la?

Usawa wa bahari, karibu. Halafu hupungua nyuzi 1 kwa kila mita 300 hivi unapopanda, kwa hiyo kwenye mita 1,500 yatachemka kwenye nyuzi 95. Mtu anayehakiki kipimajoto kwa maji yanayochemka bila kusoma barometa anakifundisha kipimajoto uongo. Hata bila kupanda mlima, mabadiliko ya hPa 10 ya hali ya hewa husogeza mchemko kwa karibu nyuzi 0.3.

Wanakemia hulitumia jambo hili kwa faida: dutu inayoungua kabla ya kuchemka huchemshwa chini ya mgandamizo mdogo, nayo hutoka salama.

11. Mzani unahusikaje na hewa?

Hewa husukuma vitu juu, kama maji yanavyofanya, ila kwa kiasi kidogo. Mililita moja ya hewa ya usawa wa bahari ina miligramu 1.2 hivi. Pima lita moja ya maji kwa mzani uliohakikiwa kwa vipimo vya chuma: maji yamesukuma kando lita nzima ya hewa, gramu 1.2, kilo moja ya chuma imesukuma mililita 125 tu, gramu 0.15. Maji yataonekana mepesi kwa gramu 1.05 hivi, yaani sehemu moja kwa elfu. Jikoni hilo halina maana. Anayehakiki ujazo wa pipeti au chupa za maabara hawezi kulipuuza, na kiasi hicho hubadilika na mgandamizo wa siku na wa mahali.

Kwenye maabara za vipimo vya taifa mambo ni makali zaidi. Kilo ya platini na iridi ikilinganishwa na kilo ya chuma hewani, tofauti ya kuelea pekee ni kama miligramu 94, na wanaolinganisha wanatafuta mikrogramu.

12. Kosa la mgandamizo linaweza kumdhuru mtu?

Ndiyo. Mfano ulio wazi ni tiba ya mionzi. Dozi ya mashine ya mionzi hupimwa kwa chemba ndogo yenye hewa iliyo wazi kwa chumba. Mionzi huchaji hewa hiyo, na chaji ndiyo inayosomwa. Hewa ikiwa nyepesi, chaji ni kidogo kwa dozi ileile, kwa hiyo usomaji huzidishwa kwa kigezo cha halijoto na mgandamizo. Miongozo ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) hutumia rejea ya nyuzi 20 na kPa 101.3.

Tuseme hospitali iko mahali penye hPa 850 na chumba kina nyuzi 22. Kigezo sahihi ni 1.20. Fundi akichukua 1015 kutoka kwenye simu, atapata karibu 1.005. Ataamini mashine inatoa dozi pungufu, wakati dozi halisi iko juu kwa asilimia 19 kuliko aliyoiandika. Akiipandisha mashine ili kuziba pengo ambalo halipo, mgonjwa ndiye anayelipa. Ndiyo maana idara makini huwa na barometa yake iliyohakikiwa, na mtu wa pili hurudia hesabu.

Kosa dogo la jamii hiyohiyo hutokea kwa vipima oksijeni majini. Maji safi ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa yana miligramu 8.26 za oksijeni kwa lita usawa wa bahari, lakini kama 6.9 tu kwenye hPa 850. Ukikihakiki chombo hewani bila kukiambia mgandamizo, mto mzima utaonekana na afya tofauti na iliyonayo.

13. Kwa nini vyombo vingine hutolewa hewa kabisa?

Kwa sababu molekuli za hewa ziko njiani. Kwenye mgandamizo wa kawaida molekuli husafiri nanomita 70 hivi kabla ya kugongana na nyingine. Elektroni ndani ya hadubini ya elektroni isingefika popote. Ukishusha mgandamizo hadi sehemu ya elfu kumi ya paskali, umbali huo hurefuka hadi makumi ya mita. Mabomba ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ambamo protoni hukimbizwa kwa kasi kubwa, hushushwa zaidi, hadi kama sehemu moja kwa trilioni kumi ya angahewa.

Mgandamizo wa nje hausahauliki hata hapo. Kila sentimita ya mraba ya chemba inasukumwa ndani kwa uzito wa kilo moja, na dirisha la kioo la kipenyo cha sentimita 20 linabeba zaidi ya kilo 300. Usisimame mbele yake bila sababu.

## Uhandisi

14. Pampu yangu imekataa kuvuta maji. Ni mbovu?

Pengine ni nzima. Pampu haivuti maji. Huondoa hewa bombani na angahewa ndiyo inayoyasukuma maji juu. Angahewa ya usawa wa bahari ina uwezo wa kuyasukuma mita 10.3 na si zaidi, hata pampu iwe na nguvu kiasi gani. Ukitoa msuguano wa bomba na mvuke wa maji, kiutendaji hubaki mita 7 hivi. Kwenye mita 1,500 kikomo cha nadharia chenyewe ni mita 8.6.

Ukikaribia kikomo, maji huanza kuchemka baridi ndani ya pampu. Utasikia sauti kama ya changarawe zinazozunguka kwenye debe. Hakuna changarawe, ni viputo vya mvuke vinavyopasuka, navyo hula chuma cha panga za pampu. Shusha pampu karibu na maji, au itumbukize.

15. Injini hupoteza nguvu kiasi gani mahali pa juu?

Isiyo na tabo (turbo, kifaa kinachosukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 1 kwa kila mita 100. Tabo hurudisha sehemu kubwa, hadi pale yenyewe inapofika mwisho wa kasi yake. Matokeo ya vipimo vya injini yasiyotaja mgandamizo wa siku hiyo hayalinganishiki na ya mtu mwingine.

16. Umeme wa msongo mkubwa unahusikaje?

Hewa ni kihami, na hewa nyepesi ni kihami dhaifu. Vifaa vingi vya msongo mkubwa hutengenezwa kwa matumizi hadi mita 1,000. Juu ya hapo nafasi kati ya nyaya lazima iongezwe au kifaa kishushwe daraja.

Ila uhusiano huu haunyooki. Mwaka 1889 Friedrich Paschen alionyesha kwamba ukiendelea kupunguza mgandamizo, volti zinazohitajika kurusha cheche hushuka hadi kiwango cha chini kabisa, ambacho kwa hewa ni kama volti 330, kisha hupanda tena kwa kasi. Kwa hiyo kifaa cha satelaiti kinaweza kuwa salama ardhini, salama angani, na kikaungua kikiwa njiani. Wanaokipima ndani ya chemba ya ombwe husubiri mgandamizo ushuke kabisa ndipo wawashe. Ukiwa na papara, utasikia harufu kabla hujaona tatizo.

17. Kwa nini ndege hupimwa kwa kujazwa na kutolewa mgandamizo mara maelfu?

Kwa sababu ndege ya abiria ni puto la chuma. Ikipaa, ndani hubaki na hewa sawa na ya mita 2,400 au chini, nje ikiwa nyembamba sana. Kila safari moja ni pumzi moja, na chuma huchoka kwa pumzi nyingi.

Somo hilo lilikuja kwa gharama. Mwaka 1954 ndege mbili za de Havilland Comet zilisambaratika angani. Huko Farnborough, Uingereza, wachunguzi waliitumbukiza Comet nzima ndani ya tangi la maji, wakaijaza maji na kuipandisha na kuishusha mgandamizo mfululizo. Walitumia maji kwa sababu hayagandamiziki kirahisi: ufa ukitokea mgandamizo hupotea papo hapo na ushahidi hubaki. Kwa hewa, bodi ingelipuka vipandevipande. Baada ya mizunguko zaidi ya 3,000, ukijumlisha safari zake halisi, bodi ilipasuka kutokana na uchovu wa metali.

18. Kompyuta nazo zinajali?

Zinajali kwa njia mbili. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, na vichwa vya kusomea vya diski za kuzunguka huelea juu ya utando mwembamba wa hewa. Kwenye darubini ya ALMA nchini Chile, iliyo mita 5,000 hivi juu, kompyuta kuu ya kuunganisha mawimbi ilihitaji upepo wa kupoza mara mbili ya kawaida, na kompyuta zake hazikuwekewa diski za kuzunguka.

## Uwandani, angani na kwingineko

19. Wapima ardhi na wanaotumia satelaiti wanasoma barometa kwa nini?

Kwa sababu hewa huchelewesha mwanga na redio. Vipima umbali vya mwanga hukosea kama milimita 0.3 kwa kilomita kwa kila hPa 1. Ishara ya GPS inayotoka juu kabisa ya kichwa huchelewa sawa na mita 2.3 za njia, na kila hPa huongeza milimita 2.3. Bahari yenyewe hushuka kama sentimita 1 mgandamizo ukipanda hPa 1, kwa hiyo satelaiti zinazopima kimo cha bahari lazima zilitoe hilo kwanza.

Hata mvutano wa dunia huguswa: hewa iliyo juu yako inakuvuta kwenda juu, kidogo mno, na vyombo vya kisasa vinaiona.

20. Mgandamizo unaweza kutuambia habari za mbali?

Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai ililipuka katika Pasifiki, na wimbi la mgandamizo likaizunguka dunia zaidi ya mara moja. Vihisi vya bei ndogo majumbani mwa watu vililiona. Krakatoa ilifanya vivyo hivyo mwaka 1883. Mtandao wa kimataifa wa kufuatilia majaribio ya nyuklia hutumia vipima sauti nzito zisizosikika kwa sikio kwa sababu hiyohiyo.

21. Tunajaribuje vyombo vinavyokwenda Mirihi?

Mgandamizo wa Mirihi ni kama hPa 6, chini ya asilimia moja ya wetu. Vyombo vya Viking, vilivyotua mwaka 1976, vilionyesha kwamba hupanda na kushuka sana kwa majira, kwa kuwa kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa ya huko, huganda kwenye ncha za sayari. Kabla helikopta ndogo ya Ingenuity haijaruka tarehe 19 Aprili 2021, ilijaribiwa ndani ya chemba kubwa iliyoshushwa hadi hewa nyembamba ya aina hiyo, huku kamba ikibeba sehemu ya uzito wake ili kuiga mvutano mdogo wa Mirihi.

## Maswali ya pembezoni

22. Mwendo wa sauti hupungua hewa ikiwa nyembamba?

Kwa mgandamizo peke yake, hapana. Mgandamizo na densiti hushuka pamoja na athari zao hufutana. Sauti huenda polepole mlimani kwa sababu ya baridi.

23. Sikuandika mgandamizo siku ya jaribio. Data zangu zimepotea?

Mara nyingi hapana. Tafuta rekodi ya kituo cha karibu kwa saa ileile, jua kwanza kama ni ya usawa wa bahari au ya kituo chenyewe (swali la 4), kisha ikokotoe hadi kimo cha chumba chako. Kama hali ya hewa ilikuwa tulivu na kituo hakiko mbali, utafika ndani ya hPa 1 au 2. Andika wazi kwamba namba imekokotolewa, haikusomwa.

24. Nahitaji usahihi kiasi gani?

Hektopaskali moja ni asilimia 0.1 ya jibu lolote linalotegemea densiti ya hewa. Kama kosa lako la jumla ni asilimia 2, barometa ya hPa 1 inakutosha kwa wingi. Kama unapima urefu kwa leza hewani, hPa 1 ni mikromita 0.27 kwa kila mita, na kwa mashine za kukata vyuma kwa usahihi hiyo ni nyingi. Anza na kosa unaloweza kulivumilia, rudi nyuma hadi kwenye barometa, na usinunue desimali ambazo jaribio lako halitaziona.